Somo la ujasiriamali: wauze kwanza, andiko baadaye

Wiki ya kwanza ya muhula usiwashe projekta. Wagawe wanafunzi wanne wanne, kila kundi lichange shilingi 10,000, wauze kitu chochote halali kabla ya kipindi kijacho. Karanga, maandazi ya bwenini, kalamu za jumla kutoka soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Wengine watanuna. Waache wanune.

Unachotafuta ni daftari: kilichonunuliwa, kilichouzwa, nauli, na saa walizotumia. Kundi litakuja likijisifu kwa faida. Waambie watoe nauli ya Mlimani hadi Kariakoo na kurudi, kalamu walizogawia marafiki, kisha wajilipe japo kidogo kwa mchana walioumaliza Mtaa wa Kongo. Faida ikianza kuyeyuka ubaoni, fundisha gharama. Siku hiyo hakuna anayesinzia.

Kazi ngumu ni kuuliza, na hapo adabu zetu ndizo zinazotuponza. Wanamwendea mama lishe wa Mwenge: "Shikamoo mama. Tukikutengenezea programu ya kupokea oda, utaitumia?" Naye atajibu, "Marahaba wanangu, kwa nini nisiitumie?" Jibu hilo ni la ukarimu tu, usilipatie alama. Waulize yaliyokwisha kutokea: jana wali ulibaki kiasi gani, uliufanyaje? Mkaa ulipopanda bei, ulipunguza nini? Unawadai wangapi? Wasiende saa saba mchana, watafukuzwa. Waende saa kumi, anaposugua masufuria, na washike steelwire wasaidie.

Kundi langu moja lilienda na wazo la oda, likarudi na habari za madeni: watu wanakula leo, wanaahidi mwisho wa mwezi, kisha wanabadili njia. Programu ikafa. Wakabuni kadi ya karatasi ngumu yenye mhuri: lipia sahani tisa, ule kumi. Kwangu huo ni ubunifu, hata kama hautumii chaji.

Kusajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, na kuomba namba ya mlipakodi (TIN) ya mamlaka ya mapato, TRA, kipindi kimoja kinatosha, tena kwa waliopata wateja wa kurudi. Wenye teknolojia waelekeze tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, Kijitonyama. Wa usindikaji, shirika la viwanda vidogo, SIDO, lililopo tangu 1973.

Andiko la biashara lije wiki ya mwisho, kurasa mbili, kila tarakimu ioneshwe ilikotoka daftarini. Katika kusahihisha, hasara iliyoandikwa vizuri ipate alama nyingi kuliko faida isiyo na risiti.