Jinsi ya kuotesha pulsatila kwa mbegu

Pulsatila (Pulsatilla vulgaris) ni ua la zambarau lenye kiini cha manjano, na shina lake limefunikwa na vinyweleo laini. Asili yake ni mbuga kavu na miteremko yenye mawe ya chokaa huko Ulaya. Likipapenda mahali huishi miaka mingi, lakini mmea uliokomaa ukiuhamisha mara nyingi hufa. Kwa hiyo, amua litakaa wapi kabla hujagusa mbegu.

Hatua ya 1: Vuna. Ua likishapukutika, hubaki shungi la nyuzinyuzi za rangi ya fedha. Livute taratibu, mbegu zikiachia zenyewe, zimekomaa. Vaa glavu, kwani utomvu wa mmea huu una sumu na huwasha ngozi.

Hatua ya 2: Panda mara moja. Usiziweke akiba hadi mwakani. Mbegu mbichi huota ndani ya wiki chache; zikikaa sana hulala, na itakubidi uzifukie kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji kwa wiki 4 hadi 6 kwanza.

Kila mbegu ina mkia. Ukilowa hunyooka, ukikauka hujisokota, na kwa kujizungusha hivyo huizamisha mbegu ardhini kama keekee. Nawe fuata mwendo huohuo: chomeka ncha chini, mkia juu, kwenye udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na mchanga wa chembe kubwa. Tandaza changarawe kidogo juu yake.

Hatua ya 3: Hamishia kwenye vyungu. Fanya hivyo miche ikiwa bado midogo, na chungu kiwe kirefu, maana mzizi mkuu hushuka haraka sana.

Hatua ya 4: Pandikiza. Jua la kutwa, udongo usiotuamisha maji, nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche. Samadi haihitajiki. Baridi kali mmea huu unaimudu vizuri. Kinachouua ni mizizi kukaa majini msimu wa baridi.

Hatua ya 5: Subiri, na ufyeke. Maua ya kwanza kwa kawaida huja mwaka wa pili au wa tatu. Wakati huo adui ni nyasi ndefu. Porini pulsatila hustawi pale kondoo wanapolisha, kwa sababu nyasi hubaki fupi na jua hulifikia. Kwako, kazi hiyo ya kondoo ifanye kwa mundu, baada ya mbegu kupeperuka.