Mzee akifumba kinywa: namna ya kumsugua meno asiyetaka

Nalea wazee katika nyumba ya wazee hapa Unguja. Kazi inayowashinda walezi wapya si kubadilisha shuka, ni meno. Mzee anafumba kinywa, mwengine anageuza uso, mwengine anang'ata.

Kwanza piga hodi, toa shikamoo, ngoja marahaba. Kaa mbele yake, macho yenu yawe sawa. Mtu akikusimamia kwa juu na kukukamata kidevu, hata wewe utamsukuma.

Njia yangu mimi ni udhu. Bibi aliyesahau jina la mwanawe bado anakumbuka kusukutua mara tatu. Basi kabla ya adhuhuri naleta beseni na kopo, namtilia maji, na akishasukutua nampa mswaki aushike mwenyewe, mkono wangu juu ya wake, tunasugua pamoja. Wapo wasioutambua kabisa mswaki wa dukani. Hao wape kwanza mswaki wa mti, wataanza wenyewe, kisha ubadilishe kwa brashi laini. Dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya kunde inatosha. Asiyeweza kutema mpake kidogo sana. Ramadhani akikataa dawa mchana usibishane naye, msugue baada ya futari na baada ya daku.

Mwenye kupaliwa asisukutue. Mkalishe wima, kidevu kishuke kidogo, brashi iwe na unyevu tu, povu ulifute kwa kitambaa. Uchafu wa kinywa ukiteremka mapafuni huleta nimonia.

Akikataa, ondoka. Rudi baada ya nusu saa, au aje mwenzako. Pengine ni sura yako tu hajaipenda leo. Meno ya mbele sasa, magego jioni, si vibaya. Usimpanue kinywa kwa kijiko wala kidole: jino litavunjika, na kidole utakitafuta.

Aliyekuwa akikubali kisha ghafla akakataa, huyo huenda anaumwa. Tazama jino bovu, ufizi uliovimba, utando mweupe, meno bandia yanayokwaruza. Mafuta ya karafuu, ambayo kila mtu hapa atakushauri, hutuliza kwa muda tu, na yakizidi huunguza ufizi. Jino linabaki bovu vilevile. Kwa waliokula tambuu na tumbaku miaka yote, kidonda au doa jeupe au jekundu lisiloondoka kwa wiki 2 lipelekwe kwa daktari, maana saratani ya kinywa huanza hivyo.

Meno bandia yatoke usiku. Yaoshe kwa brashi na sabuni juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike, kisha yalale ndani ya maji baridi. Maji ya moto huyapinda. Na kila kopo liandikwe jina, kwani palipo na wazee wengi meno huhama, na asubuhi utagombanisha watu wazima.