Somo: Kutafuta na Kutambua Mikiafyatuo katika Mapango ya Lava ya Hawaii

Mikiafyatuo, ambao katika sayansi huitwa Kolembola, ni wanyama wadogo wenye miguu 6 na wasio na mabawa, na wengi wao hawazidi milimita 3 kwa urefu. Jina la mkiafyatuo linatokana na kiungo chenye ncha mbili kilichokunjwa chini ya tumbo, ambacho mnyama akishtuka hukifyatua na kujirusha kufumba na kufumbua. Ukiinua chungu cha maua kilicholowana au ukifukua majani yaliyooza shambani utawaona. Somo hili linawahusu jamaa zao waishio katika giza la mapango ya visiwa vya volkano, na nimechagua Hawaii kwa sababu huko ndiko imani moja kubwa ya wanabiolojia ilikopinduliwa.

Imani yenyewe ilikuwa kwamba wanyama wa mapangoni walio vipofu na weupe ni masalia ya enzi za barafu: hali ya hewa ilipobadilika nje, waliosalimika ni wale waliojificha ndani, na kwa hiyo visiwa vichanga vya tropiki havingeweza kuwa nao. Mwaka 1971 Francis Howarth, wa Jumba la Makumbusho la Bishop mjini Honolulu, alichunguza mapango ya lava ya kisiwa cha Hawaii, ambacho umri wake haujafika miaka milioni 1, akawakuta humo wanyama waliozoea giza ambao jamaa zao wenye macho bado wanaishi nje. Hao hawakukimbia barafu yoyote. Waliingia kwa sababu ndani mlikuwa na chakula, na mtafutaji anayelikumbuka jambo hilo moja ameshajua aelekeze wapi taa yake.

Hatua ya 1: Lifahamu pango kabla ya kuliingia

Lava nyepesi, ambayo wanajiolojia wa dunia nzima huiita kwa neno la Kihawaii, pahoehoe, hupoa juu na kufanya gamba huku ndani bado ikitiririka kama uji wa moto. Lava ikiacha kuja, iliyomo ndani huchuruzika na kuacha handaki tupu. Pango la Kazumura, kwenye mteremko wa volkano ya Kilauea, limepimwa kuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 60.

Pango la namna hii lina maeneo yanayofuatana: mlango wenye mwanga na mimea, eneo la nusu giza, eneo la mpito, ambalo lina giza kamili lakini bado hukaushwa na upepo wa nje, na eneo la ndani kabisa, ambako hewa imeshiba mvuke wa maji na joto halibadiliki sana mwaka mzima. Mikiafyatuo wengi hupumua kupitia ngozi yao laini na hukauka upesi, kwa hiyo walio wa pangoni hasa utawakuta katika eneo hili la ndani. Zaidi ya hapo huweza kuwepo hewa iliyotuama, ambayo nitaieleza katika maswali.

Kumbuka pia kwamba handaki tunaloweza kupita sisi ni sehemu ndogo ya makazi yao. Miamba ya lava imejaa nyufa na vijishimo visivyopenyeka kwa mwanadamu, na mnyama tunayemwona ukutani mara nyingi ametoka humo kwa muda tu.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, kisha safisha viatu

Mapango mengi ya Hawaii yana makaburi ya wahenga wa Wahawaii, na sheria ya mwaka 2002 ya kulinda mapango inakataza kuyaharibu. Zungumza na mwenye ardhi, pata kibali cha kukusanya wanyama, na ukikuta mifupa au vitu vya kale, rudi nyuma bila kugusa wala kupiga picha.

Usafi wa viatu si jambo la adabu tu. Chakula kikuu cha mapango haya ni mizizi ya mti uitwao ʻōhiʻa lehua, ambayo hupenya dari na kuning'inia kama mapazia. Tangu mwaka 2014 imejulikana kwamba miti hiyo inauawa na kuvu wa jenasi Ceratocystis, ambao huweza kusafiri katika tope la viatu na vifaa. Mti ukifa juu, mizizi hunyauka chini, na wote walioitegemea hufa njaa gizani bila mtu kuwaona. Sugua tope lote, kisha nyunyizia soli na vifaa alkoholi ya asilimia 70.

Hatua ya 3: Vifaa

Beba taa ya kichwani na nyingine mbili za akiba, kofia ngumu, pedi za magoti, lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, brashi nyembamba ya kuchorea, chupa ya kuvutia wanyama ndani kwa pumzi, yenye mirija miwili na kitambaa cha kuchuja, vichupa vya ethanoli, yaani alkoholi ya kuhifadhia, kipima unyevu, karatasi nene na penseli. Nasema penseli kwa uchungu wa kweli: miaka iliyopita niliandika lebo za sampuli za msimu mzima kwa kalamu ya wino, ethanoli ikaufuta, na wanyama wote wale wakabaki bila mahali wala tarehe, yaani bila thamani yoyote ya kisayansi.

Hatua ya 4: Tafuta kwa magoti

Chagua eneo la mita chache, piga magoti, na ulikague kwa muda uliopangwa, tuseme dakika 20, kabla ya kusogea. Anza na mizizi, kwa macho tu, bila kuivuta. Utando wa kuvu na bakteria unaoota juu yake ndio malisho ya mikiafyatuo. Mizizi hiyo hiyo hufyonzwa na Oliarus polyphemus, mdudu mweupe asiye na macho, ambaye dume na jike wake huitana kwa mitikisiko inayosafiri ndani ya mzizi. Kwa hiyo kuushika mzizi ovyo ni kuyakatiza mazungumzo yao.

Halafu angalia vidimbwi vya matone. Mikiafyatuo ni wepesi kiasi kwamba hutembea juu ya maji bila kuzama, na taa ikimulika kwa ubavu utawaona kama chembe za chumvi zinazosogea. Puliza polepole: chembe ikiruka, umempata. Mwisho, weka kipande kidogo cha jibini au kiazi kitamu chini ya jiwe, rudi baada ya siku mbili au tatu, na uondoke na mabaki yote, kwa maana chakula kikiachwa huita mende na sisimizi wageni.

Hatua ya 5: Kusanya kidogo

Lowesha ncha ya brashi kwa ethanoli, mguse mnyama, naye atanasa. Kila kichupa kiwe na lebo ndani yake: pango, umbali kutoka mlangoni, unyevu, joto, tarehe, na alikokuwa, iwe mzizini, majini au jiweni.

Hatua ya 6: Tambua, na usidanganywe na weupe

Kwanza hakikisha kwamba ni mkiafyatuo. Utitiri aliyekomaa kwa kawaida ana miguu 8. Diplura, mnyama mwingine mdogo wa udongoni, ana miguu 6 na ni mweupe vilevile, lakini nyuma ana mikia miwili iliyo wazi. Mkiafyatuo ana tumbo la pingili 6 na, chini ya pingili ya kwanza, mrija mfupi unaomsaidia kunywa maji na kushika mahali; mrija huo ndio alama ya hakika, kwa sababu zipo spishi zilizopoteza mkia wa kufyatukia.

Sasa linakuja kosa linalofanywa na wengi. Mtu humwona mkiafyatuo mweupe asiye na macho ndani ya pango, akatangaza kuwa ni mkazi wa mapangoni tu. Lakini mikiafyatuo waishio ndani ya udongo wa kawaida nao ni weupe na vipofu, na hudondoka pangoni pamoja na maji ya mvua. Tofauti imo katika umbo. Wa udongoni hupita katika matundu membamba, kwa hiyo ana papasi fupi (yaani vile viungo viwili vya kichwani vya kupapasia), miguu mifupi, na mkia uliopungua au uliotoweka. Wa pangoni hutembea katika nafasi kubwa yenye chakula haba, hivyo papasi na miguu yake hurefuka, na kucha zake huwa ndefu na nyembamba, za kumwezesha kukanyaga mawe yaliyofunikwa na maji. Pima papasi ukilinganisha na mwili, chora kucha, hesabu vijicho, ambavyo kwa spishi zenye macho hufikia 8 kila upande, na ndipo uandike maoni yako.

Maswali ya wasomaji

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi Morogoro. Kwa nini tusitege mashimo yenye dawa ya kuua kwa mwezi mzima? Tungepata wanyama wengi zaidi.*

Marahaba. Ni kweli mngepata wengi, na hapo ndipo hatari ilipo. Wanyama wa mapangoni huwa wachache, na mtego usiochungwa unaweza kumaliza jamii ya pango zima. Katika Kauaʻi, kisiwa kingine cha Hawaii, kuna buibui asiye na macho, Adelocosa anops, anayepatikana katika mapango machache tu ya eneo la Kōloa, na tangu mwaka 2000 sheria ya Marekani inamtambua kuwa yuko hatarini kutoweka. Mtego hauwezi kumbagua yeye na mkiafyatuo.

*Sisi wa Ngazidja tunaishi chini ya volkano ya Karthala. Je, somo hili linatufaa?*

Linawafaa, na hata Kenya, ingawa si kisiwa, ina mapango ya lava Suswa na katika vilima vya Chyulu. Msidharau milango ya mapango. Rapa Nui, kisiwa kilichopoteza misitu yake karne nyingi zilizopita, kina mapango yenye bustani za mimea midogo laini inayotanda juu ya mawe na kangaga mahali mwanga unapoingia, na mwaka 2015 wanasayansi walieleza spishi 5 mpya za mikiafyatuo wanaojulikana katika mapango ya kisiwa hicho tu.

*Hiyo hewa iliyotuama ni hatari kiasi gani?*

Ni hatari sana. Katika pango la lava la Bayliss, huko Queensland, Australia, hewa ya ukaa ilipimwa karibu asilimia 6, ilhali ya nje ni takribani asilimia 0.04, na humo humo walikutwa wanyama wengi wa mapangoni. Ukianza kuhema bila kazi nzito, au kichwa kikiuma, toka mara moja pamoja na wenzako.

*Je, picha haitoshi? Naona vibaya kuua mnyama aliyefika huko kwa safari ndefu hivyo.*

Naielewa huruma hiyo, na kwa buibui au nyenje picha nzuri mara nyingi hutosha. Kwa mkiafyatuo haitoshi, kwa kuwa spishi hutofautishwa kwa mpangilio wa vinyweleo na meno ya kucha ambavyo huonekana chini ya hadubini pekee. Mimi huchukua watano, sita, katika kila mahali, na nikiwakuta wawili tu, naandika unyevu na umbali, nawaacha.