Tukague Mikorosho Kabla ya Kupulizia: Wakulima na Watafiti Wajifunze Pamoja

Mvua zinapokatika na mikorosho ikaanza kutoa machipukizi mapya, swali linalosikika zaidi Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea ni dawa gani ipuliziwe, ilhali linalopaswa kutangulia ni kipi hasa kinachoushambulia mti. Salfa ya unga huzuia ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa ukungu uliotambuliwa nchini mwaka 1979, lakini haiui mbu wa mikorosho. Kiuadudu nacho hakiokoi maua yaliyokwisha kufunikwa na unga mweupe wa ugonjwa huo. Mkulima anayechanganya mambo haya hutumia fedha nyingi na kubaki na tatizo lile lile.

Mbu wa mikorosho ni mdudu mwembamba mwenye miguu na papasi ndefu, na mgongoni ana kijiti kidogo kilichosimama wima kama pini yenye kichwa. Hufyonza utomvu wa machipukizi, majani machanga na vikonyo vya maua. Pale alipochoma hutokea doa jeusi linalorefuka kufuata kijiti cha chipukizi, wakati mwingine likitoa gundi, na hatimaye ncha yote hukauka kana kwamba imeunguzwa na moto. Kunguni wa minazi, ambaye pia hushambulia mikorosho, huchoma zaidi korosho changa, zikabaki na mabonyeo meusi au kupukutika.

Shamba darasa ndiyo njia ninayoipendekeza kwa vikundi vyetu. Utaratibu huu ulianza kwenye mashamba ya mpunga nchini Indonesia mwaka 1989, na msingi wake ni kwamba mkulima hapokei maelekezo tu, bali anapima mwenyewe. Kikundi kichague shamba moja la mwanachama na kuligawa sehemu mbili, kikiacha mistari michache ya miti katikati ili dawa isipeperushwe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pande zote mbili zipewe salfa kwa namna moja. Upande wa kwanza upuliziwe kiuadudu kwa mazoea ya wenyeji, na wa pili upuliziwe pale tu ukaguzi unapoonyesha kuwa mashambulizi yanaongezeka. Kila wiki, asubuhi mapema, wanakikundi wapite kwenye miti kumi ya kila upande, wakague machipukizi pande nne za mti, wahesabu yaliyochomwa na yaliyo mazima, kisha waandike daftarini. Gharama za dawa, mafuta ya mashine na vibarua ziandikwe pia, kwa sababu mavuno makubwa yaliyomezwa na gharama hayana faida kwa mkulima.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni maji moto, yaani sisimizi wanaojenga viota juu ya miti. Wakulima wengi huchoma viota vya sisimizi hawa kwa sababu huwauma vikali wakati wa kupogolea, na malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, utafiti uliofanywa hapa Tanzania, ukiwahusisha watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele nje kidogo ya mji wa Mtwara, umeonyesha kuwa mikorosho yenye maji moto wengi hushambuliwa kidogo zaidi na mbu wa mikorosho pamoja na kunguni wa minazi. Hapa ndipo mkulima na mtafiti wanapohitajiana. Mkulima anaijua miti yenye viota tangu miaka iliyopita, na anajua ni wapi sisimizi wadogo wa ardhini wenye vichwa vikubwa huwafukuza maji moto. Mtafiti anajua kwamba viota vingi kwenye miti jirani vinaweza kuwa vya kundi moja lenye malkia mmoja, kwamba makundi mawili tofauti hupigana yakikutanishwa, na kwamba kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti huwasaidia kupita bila kushuka chini. Kupogolea kufanyike kwa kuacha matawi yenye viota vikubwa, na dawa inapolazimika ielekezwe kwenye miti iliyoshambuliwa tu, maana viuadudu vingi huwaua maji moto pamoja na visumbufu.

Mtafiti naye asifike siku ya uzinduzi na siku ya mavuno peke yake. Awepo machipukizi yanapotoka na maua yanapochanua, asikilize maswali ya wakulima, na majibu ayarudishe kijijini kwa Kiswahili. Matokeo ya daftari yajadiliwe katika mkutano wa chama cha msingi cha ushirika kabla wanachama hawajaagiza viuatilifu vya msimu unaofuata.