Rekodi mara moja, ajenti arudie: kufunga kalenda ya vyumba kwa Playwright

Hapa Lamu natunza kalenda za nyumba chache za wageni, za Langoni na za Shela. Mgeni akibuku kupitia tovuti moja, siku hizo hizo lazima zifungwe kwenye tovuti ya pili, tena upesi. Zamani nilimwachia ajenti wa akili mnemba afungue kivinjari ajitafutie njia. Alifika, ila kila safari alianza upya: asome ukurasa mzima, akisie kitufe, abofye, asome tena. Kila ukurasa anaosoma unalipiwa. Siku hizi namrekodia njia mara moja, naye anaiita kama chombo.

(Kama tovuti zako zote mbili zinapokea iCal, yaani kiungo cha kupashana kalenda, unganisha hiyo kwanza. Yangu moja haipokei. Soma pia masharti ya tovuti, ujue kama inaruhusu kuendeshwa na programu.)

Hatua ya 1: Sakinisha

Natumia Playwright, programu huria ya Microsoft ya kuendesha kivinjari kwa msimbo, iliyotoka mwaka 2020. Ukiwa na Python tayari:

```
pip install playwright mcp
playwright install chromium
```

Amri ya pili hupakua kivinjari kizima, kwa hiyo tumia wifi, si bando la simu.

Hatua ya 2: Ingia, hifadhi, funga

```
playwright codegen --save-storage=kuingia.json https://anwani-ya-tovuti
```

Ingia kwenye akaunti kama kawaida, kisha funga dirisha. Usirekodi kuingia pamoja na kazi yenyewe, maana neno lako la siri litaandikwa wazi ndani ya msimbo. Faili la kuingia.json nalo ni ufunguo wa nyumba ya watu: usilitume WhatsApp, usilipandishe GitHub.

Hatua ya 3: Rekodi kazi

```
playwright codegen --load-storage=kuingia.json --target python-async -o funga.py https://anwani-ya-tovuti
```

Usiache `python-async`. Ukirekodi kwa Python ya kawaida, msimbo utakataa kufanya kazi ndani ya seva ya hatua ya 6, yaani programu ndogo atakayoiita ajenti. Fanya kazi taratibu, kwani kila unachobofya kinaandikwa. Mwisho, bonyeza alama ya jicho kwenye upau wa kurekodia, kisha bofya ujumbe wa tovuti kwamba mabadiliko yamehifadhiwa.

Hatua ya 4: Toa siku ya leo ndani ya rekodi

Hapa ndipo penye kazi. Rekodi yangu ya kwanza ilikuwa na mistari hii:

```
await page.get_by_role("button", name="Mwezi ujao").click()
await page.get_by_role("gridcell", name="14").click()
```

Siku niliyorekodi ilikuwa sahihi kabisa. Mwezi ulipogeuka, ule mbofyo mmoja wa "Mwezi ujao" ukawa unaangukia mwezi mwingine. Ilifunga tarehe 14 isiyohusika, na tarehe iliyouzwa ikabaki wazi. Hiyo ilikuwa wiki ya Maulidi, Mfunguo Sita, kisiwa kimejaa. Familia mbili zikashuka jetini jioni moja, kila moja na risiti ya chumba kile kile. Bibi mwenye nyumba akanipigia: "Mwanangu, hawa wengine niwalaze wapi?" Tulizunguka mitaani hadi baada ya isha ndipo tukapata chumba.

Kwa hiyo kila kitu cha siku ile, yaani tarehe, jina la nyumba na idadi, kigeuze kiwe kigezo, yaani nafasi inayojazwa upya kila chombo kinapoitwa:

```
await page.get_by_label("Kuanzia").fill(kuanzia)
```

Kalenda isipokubali kuandikwa, bofya kwa kurudia mpaka kichwa chake kisome mwezi na mwaka unaoutaka, ndipo uchague siku. Weka `exact=True`, la sivyo "4" italingana pia na 14 na 24.

Hatua ya 5: Ihakiki yenyewe

Kungoja kwa kawaida kwa `expect`, amri ya Playwright ya kuhakiki, ni sekunde 5, na mtandao wetu jioni hautoshi kwa hizo. Mimi naweka 20:

```
await expect(page.get_by_text("Imehifadhiwa")).to_be_visible(timeout=20000)
```

Ujumbe huo pekee siuamini. Napakia ukurasa upya, nasoma tarehe zilizofungwa, nalinganisha na zilizoombwa.

Hatua ya 6: Mkabidhi ajenti

Njia ni seva ya MCP, itifaki ya kuunganisha ajenti na vyombo iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Ndani yake chombo kinatangazwa hivi:

```
@mcp.tool()
async def funga_siku(nyumba: str, kuanzia: str, hadi: str) -> str:
    """Hufunga siku za nyumba moja. Tarehe: mwaka-mwezi-siku.
    Haifuti bukingi, haigusi bei. Ikishindwa, usirudie, mwite mtu."""
```

Maelezo hayo ndiyo ajenti anayosoma kabla ya kuamua, basi yaandike kama unavyomwelekeza kijana mpya kazini. Uhakiki ukifeli, rudisha neno IMESHINDWA pamoja na sababu, na uhifadhi picha ya ukurasa.

Kurudisha pesa za mgeni sikukurekodi wala sitakurekodi. Hilo tunalifanya mimi na mwenye nyumba, tumekaa pamoja. Na kabla ya kuwasha chombo chochote kipya, nakijaribu kwa tarehe ya mbali, miezi kumi mbele, kisha naifungua tena kwa mkono.