Lowanisha ngozi kabla ya kubandika pedi za umeme

Kwa mnaouguza mtu wa kiharusi nyumbani na mmepewa kimashine cha umeme cha kufungua vidole: kabla ya kubandika pedi upande wa nyuma wa mkono, chini ya kiwiko, osha hapo kwa maji na sabuni, suuza, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu. Mafuta yasubiri. Kiangazi cha Dodoma na upepo wake wa vumbi hukausha ngozi mno, na ngozi kavu huzuia umeme: unapenya sehemu chache tu, mgonjwa anachomwa kama sindano na msuli haushtuki. Wengi hapo huongeza nguvu ya mashine. Tafadhali usiongeze, lowanisha. Vidole vikianza kufunguka, mwambie naye ajitahidi kuvifungua. Kulowanisha hakutasaidia pedi zikichakaa, wala kiungo kikiwa kimekakamaa hata ukikinyoosha taratibu hakiendi. Huyo mrudishe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiguswe na mashine hii bila daktari kuruhusu. Penye ganzi kagua ngozi kila mara, maana hatasikia akiungua.