Kengele ya moshi: ifunge darini, mbali na pembe

Kama unafunga kengele ya moshi nyumbani, iweke katikati ya dari, au angalau sentimita 10 kutoka ukutani. Moshi wa moto hupanda kwa sababu una joto, ukifika darini husambaa kila upande, lakini kwenye ile pembe ya dari na ukuta hewa hutuama na moshi huchelewa kuingia. Ukilazimika kuifunga ukutani, isizidi sentimita 30 kutoka dari. Dari ya mteremko? Ifunge karibu na kilele, ila si kileleni kabisa, kwani hata pale hewa hutuama.

Vyumba vya kulala ndivyo vya kwanza: moja ndani ya kila chumba na nyingine kwenye korido inayoviunganisha. Nyumba ya ghorofa, kila ghorofa na yake.

Jikoni hapana. Iache umbali wa mita 3 hivi kutoka jiko, la sivyo italia kila mnapokaanga, mwishowe mtu atachomoa betri (na hilo ndilo baya kuliko yote). Jikoni kwenyewe kunafaa kengele ya joto, ile inayohisi joto badala ya moshi.

Kuifunga darini hakusaidii ikiwa kengele ya moshi iko karibu na feni, dirisha au tundu la kiyoyozi, maana upepo husukuma moshi pembeni. Mvuke wa bafuni nao huidanganya. Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi, na ikifikisha miaka 10 tangu itengenezwe, nunua nyingine hata kama bado inalia.